VETA kila wilaya sawa, ila fundi anaivia kazini

Mwanzoni mwa 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596 za kazi, wakaomba watu 135,027. Namba hiyo ikazunguka kwenye simu zetu wiki nzima, na kila aliyeituma aliweka na tafsiri yake chini: elimu yetu haina maana, digrii ni karatasi, watoto waende VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi. Hapa Mwanza umesikia hayo kwenye daladala za Buhongwa, kwenye vijiwe vya kahawa Mabatini, hata kwenye vikao vya harusi. Na kwa kuwa mkondo wa amali, yani wa ufundi na kazi za mikono, ulianza kuingia sekondari mwaka 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023 ikaja kuzinduliwa rasmi na Rais Samia pale Dodoma mwaka 2025, na vyuo vya VETA vya wilaya zaidi ya 60 vinajengwa, watu wameunganisha mambo wakapata hadithi moja nyepesi: tulikosea kwa kuwapa watoto elimu ya vitabu, sasa tunawapa ufundi, ajira zitakuja na uchumi utapaa.

Mi naona hadithi hiyo imeshika kichwa cha jambo ikaacha kiwiliwili. Sipingi VETA kila wilaya, tena mzazi wa Ukerewe au Kwimba asiyekuwa na hela ya kumpangishia mtoto chumba mjini anajua chuo kikiwa karibu kina maana gani. Ninachopinga ni kuamini kwamba tukibadilisha kinachofundishwa tu, uchumi wenyewe utabadilika. Ujuzi unageuka kuwa hela ya taifa pale unapokutana na kazi yenye oda, yenye mtaji, na yenye mtu mzoefu wa kumsimamia kijana mpaka aive. Sisi tunajenga sana upande wa darasa, hata hilo darasa tukiliita karakana bado ni darasa, na upande wa pili, wa mahali ambapo fundi anamaliziwa, tumeuachia bahati. Mwanza ni mahali pazuri pa kuliona hili kwa sababu yote mawili yameshatokea hapa kandokando ya ziwa, la kufanikiwa na la kushindwa.

Tuanze na historia maana wengi wanaongea kana kwamba haya mawazo yamezaliwa juzi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikaa Musoma, hapo jirani tu, ikatoa Azimio la Musoma lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977 badala ya kusubiri mpaka 1989. Ilikuwa kazi kubwa na ilifanyika, vijana wa darasa la saba wakafanywa walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, kisomo cha watu wazima kikaingia vijijini, na ilipofika 1986 takwimu za serikali zilionyesha watu wazima wanaojua kusoma na kuandika wamefika asilimia 90. Sasa angalia, mwaka huohuo wa 1986 ndo nchi ilikubaliana na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa sababu hela za kigeni hamna, viwanda vinasuasua, sabuni na sukari vya foleni. Nchi ya Afrika iliyofundisha watu wake kusoma na kuandika kuliko karibu zote ilikuwa haina dizeli. Ni kweli kulikuwa na vita ya Kagera 1978 hadi 1979, mafuta yakapanda bei duniani, mashirika ya umma yakaendeshwa vibaya, na wala sisemi elimu ndo ilileta shida. Nasema tu kwamba elimu peke yake haikuzuia, na haikuvuta uchumi upande mwingine kama tulivyoahidiwa.

Na kuhusu ufundi mashuleni pia tulishapita. Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea 1967, na miaka ya 70 sekondari zetu zikagawanywa kwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi, sayansi kimu. Shule za ufundi zenyewe zilikuwepo, Bwiru Wavulana hapa Ilemela, Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Musoma, Iyunga, na wazee waliosoma huko hadi leo ukiwapa mchoro wa mashine wanausoma kama gazeti. Ila mwaka 1985 watafiti wawili, George Psacharopoulos na William Loxley, walitoa matokeo baada ya kulinganisha wahitimu wa michepuo na wa shule za kawaida katika nchi mbili, Kolombia na Tanzania. Kilichoonekana ni kwamba waliopita kwenye mchepuo wa ufundi au biashara hawakupata kazi kwa urahisi zaidi wala mshahara mzuri zaidi wa kueleweka kuliko wenzao, wakati shule zao zilikuwa na gharama kubwa zaidi. Huu ni ushahidi kuhusu sisi wenyewe, siyo Wajerumani. Nashangaa kwenye mijadala yote ya amali niliyofuatilia hautajwi kabisa, na ndo ungetusaidia kuuliza maswali ya maana kabla ya kununua mashine.

Kwanini iwe hivyo? Maelezo bora niliyowahi kukutana nayo ni ya mtu aliyechunguza Ghana, Philip Foster, aliyeandika mwaka 1965. Wakoloni walilalamika kwamba Waghana wanapenda sana shule za vitabu na wanadharau jembe na nyundo, wakajenga shule za ufundi, watoto hawakuzitaka. Foster akasema watoto na wazazi walikuwa wanapiga hesabu zao vizuri tu: kazi ya ofisini serikalini ndo ilikuwa na mshahara wa uhakika, kwa hiyo shule ya vitabu ndiyo iliyokuwa shule ya kazi. Ukitaka kubadilisha chaguo la mtoto badilisha kwanza malipo yanayomsubiri huko mbele. Ukiisoma ile namba ya TRA kwa jicho hilo unaiona tofauti kabisa. Wale watu 135,027 hawakuwa wajinga wala wavivu, walikuwa wameangalia mtaani wakaona kazi yenye mshahara wa kila mwezi, bima, na mkopo wa benki ni ya serikali, na wengine wao wana ufundi mikononi na bado wakaomba. Kumwambia mtu huyo akasome ufundi bila kugusa malipo na usalama wa kazi ya ufundi ni kumbebesha yeye mzigo wa uchumi mzima.

Nina kijana wa jirani yangu amemaliza kuchomelea vyuma, ana cheti, yuko kwenye karakana moja maeneo ya Nyakato. Nilikaa naye mchana mmoja nikitengenezewa geti. Anachokifanya kutwa ni kukata bomba la mraba, kulishikiza kwa vidonti vinne, kulinyoosha kwa nyundo, kumaliza mshono, kusaga kwa grainda, kupaka redoksaidi, rangi ya kuzuia kutu. Mkono wake mzuri, mshono umelala kama mchanga wa ufukweni baada ya wimbi. Nikamuuliza chuoni walifundishwa nini zaidi, akasema walifundishwa kuchomelea kwa gesi na mashine za kisasa zaidi na aluminiamu kidogo, ila tangu atoke hajawahi kugusa tena. Bosi wake hana hiyo mashine na hana sababu ya kuinunua maana oda zote ni mageti, madirisha na vitanda. Kwa hiyo kile alichojifunza kinamtoka taratibu. Na kilomita chache kutoka hapo, kandokando ya maji, kuna kazi za mshono ambao unapimwa kwa mashine kuona kama una tundu ndani, mshono wa meli, ambao malipo yake ni ya ngazi nyingine kabisa. Kutoka geti mpaka meli kuna ngazi za katikati, miaka kadhaa ya kuchomelea chini ya jicho la mtu anayejua, na hizo ngazi chuo hakiwezi kuzitoa hata ukijenga vyuo mia. Zinatolewa na kampuni yenye kazi.

Sasa wapo wanaovuta upande wa pili kabisa, wanasema basi tuache hizi hela za elimu, tulete wawekezaji, viwanda vikija ujuzi utafuata wenyewe. Hoja hii ina nguvu, na ule mwaka 1986 unaisaidia. Ila nayo haitoshi, na anayetaka kujua kwanini aulize historia ya sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani miaka ya 50 na 60, miaka ya 90 viwanda vya minofu vikaota Mwanza, ndege zikawa zinabeba minofu kwenda Ulaya. Halafu kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga soko zaidi ya mara moja, mara salmonela, mara kipindupindu, mwisho samaki waliovuliwa kwa sumu. Mwalo, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani, ulikuwa kimya, viwanda vikapunguza watu, wavuvi wakauza kwa bei ya kutupa. Mwekezaji alikuwepo, mashine zilikuwepo, samaki walikuwepo, na hela haikuingia, kwa sababu kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa kukagua, maabara ya kupima, na karatasi ambayo mnunuzi wa Ulaya anaiamini.

Kilichofuata ndo sehemu ninayoipenda. Wakaguzi wakafundishwa usalama wa chakula hatua kwa hatua kuanzia mwaloni mpaka kiwandani, mialo ikarekebishwa, maabara ya taifa ya ubora wa samaki ikasimama Nyegezi, soko likafunguka. Nyegezi tayari kulikuwa na chuo cha uvuvi wa maji baridi, ambacho leo ni sehemu ya FETA, wakala wa serikali wa elimu ya uvuvi, kwa hiyo watu wa kuanzia walikuwepo, hawakutafutwa mwezini. Angalia jinsi vitu vilivyokaa: kulikuwa na soko linalolipa, kulikuwa na kiwango cha wazi ambacho usipokifikia huuzi, kulikuwa na viwanda vyenye hofu ya kufa, na kulikuwa na chuo jirani chenye msingi. Mafunzo yalikuja yakiwa yamelengwa kwenye kitu kimoja, na mwanafunzi alipomaliza Ijumaa Jumatatu alikuwa kwenye mstari wa minofu amevaa gamboti nyeupe. Hapo elimu na uchumi vilishikana. Baadaye sangara walipungua kwa uvuvi haramu na viwanda vingi vikawa vinafanya kazi chini ya uwezo wake, hilo ni tatizo la usimamizi wa ziwa, ila somo la kuanzia 1999 halijafutika.

Tuje kwenye mfano wa nje ambao watu wanaupenda sana, Korea Kusini, wanasema walikuwa maskini kama sisi wakasomesha watu wakatoka. Ni kweli walisomesha, ilipofika miaka ya 60 karibu watoto wote walikuwa shule za msingi. Lakini simulizi inaishia katikati. Hyundai walipoamua kutengeneza meli pale Ulsan mwaka 1972 hawakuwa na yadi, walianza na oda, tajiri wa Ugiriki George Livanos akawaagiza meli mbili kubwa za mafuta, na yadi ikajengwa huku meli ya kwanza inaundwa. Watu wao wakapelekwa Scotland kwenye yadi ya Scott Lithgow kujifunza kwa macho na mikono, wakarudi kufundisha wengine. Na katikati ya miaka ya 70 serikali yao ikaweka sheria kwamba kampuni kubwa ifundishe mafundi wake yenyewe, isipofundisha ilipe tozo. Yani hawakumwachia mwalimu wa chuo kazi ya kumkamilisha fundi, walimkaba mwajiri. Nalisema hili kwa uchungu kidogo maana meli yetu ya MV Mwanza, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, mkataba wake ulisainiwa 2018 na kampuni ya Kikorea, Gas Entec, ikaungwa hapahapa Mwanza Kusini na ikashushwa majini Februari 2023. Walioanza na oda miaka 50 iliyopita ndo leo wanauza ujuzi kwetu. Mradi ule ulikuwa shule ya meli iliyoletwa mlangoni kwetu, na vijana wa Kitanzania walifanya kazi pale. Kipimo cha kama tulifaidi siyo abiria wangapi watapanda, ni wangapi kati ya wale vijana wamepanda ngazi kwenye kazi iliyofuata. Na hatuanzi sifuri, Songoro Marine ya hapahapa Mwanza imekuwa ikiunda vivuko vya serikali miaka yote hii, kwa hiyo mahali pa kuwaweka wale vijana papo.

Daraja la Kigongo hadi Busisi nalo ni hivyohivyo. Kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025, makontrakta Wachina, nguvukazi kubwa Watanzania. Watu wamelishangilia kwa sababu foleni ya kivuko imeisha na mgonjwa wa Sengerema anafika hospitali ya Bugando bila kusubiri, na mimi nimelishangilia pia. Lakini kwa upande wa ujuzi daraja lile ni miaka mitano ya kuchimba nguzo chini ya maji, kumwaga zege la viwango vya juu, kuvuta nyaya. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mitano ana kitu ambacho hakipo kwenye mtaala wowote. Kama ameondoka pale bila karatasi inayosema anajua nini, kesho akienda kuomba kazi kwenye reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 zile, anaanza tena kama kibarua wa kubeba nondo. Tunao utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, mtu anapimwa anapewa cheti, na ni moja ya vitu vizuri kabisa tulivyonavyo japo hauvumi kama majengo. Ungepaswa kuwa ndani ya geti la kila mradi mkubwa, siyo mtu asubiri mradi uishe ndo aanze kuutafuta.

Hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu, na ndo inayorudiwa zaidi majukwaani, ni ile ya kujiajiri. Kwamba vijana wanachagua kazi, wapate ujuzi wajiajiri. Tuchukulie kweli kila mhitimu wa ushonaji afungue kibanda Buhongwa. Wateja wa Buhongwa ni walewale, sare za shule ni zilezile, vitenge vya harusi vilevile. Wakiwa mafundi kumi wanagawana, wakiwa thelathini wanagawana zaidi, bei inashuka, na pato la mtaa halijaongezeka hata shilingi, limegawanywa tu vipande vidogo. Uchumi wa nchi unakua pale kazi ya mtu mmoja inapozalisha zaidi kuliko jana, au inapouzwa mbali zaidi kuliko jana. Cherehani moja kwenye kibanda inafanya vyote viwili kwa shida sana. Cherehani mia mbili chini ya paa moja, zinashona pamba ya Kanda ya Ziwa kwa oda ya nje, zinafanya. Pamba tunalima, tunaichambua, na sehemu kubwa inaondoka ikiwa marobota. Mwatex, kiwanda cha nguo kilichoajiri maelfu mji huu, wazee wanakikumbuka, na kilipokufa hakikufa na ajira tu, kilikufa na mafundi wa mitambo ya kusokota na kufuma waliokuwa wanafundishana zamu kwa zamu. Kusema vijana wa sasa ni wavivu wakati kile kilichowafundisha baba zao kazi kimefungwa siyo haki.

Na mtu akitaka kuona kwamba ujuzi siyo kikwazo peke yake aende akaangalie dagaa. Kina mama wanaoanika dagaa mchangani wanajua fika kwamba dagaa wa kwenye chanja, kitanda cha kuanikia kilichoinuliwa juu ya mchanga, ni safi, hawana mchanga, wanakauka haraka, wanadumu. Hakuna semina itakayowaambia wasichokijua. Chanja inataka mbao na nyavu, mvua zikija inataka turubai, na mnunuzi wa chakula cha kuku hajali mchanga sana, atalipa karibu bei ileile. Mama anapiga hesabu, anamwaga chini. Siku mnunuzi wa dagaa wa kula, wa kufungashwa, akija na bei inayotofautisha safi na chafu na mkopo wa chanja ukawepo, huo mchanga utaachwa ndani ya msimu mmoja. Vizimba vya samaki navyo, vile ambavyo Rais Samia alizindua mikopo yake Mwanza Januari 2024, vitafuata njia hiyohiyo: kijana akipewa kizimba bila chakula cha samaki cha bei nafuu na bila mtu wa kumwonyesha dalili za ugonjwa wiki ya tatu, atapoteza samaki wote na atabaki na deni.

Kuna jambo moja ambalo darasa peke yake ndo linaweza kulifanya na halifanyi vya kutosha, hesabu. Mchumi Eric Hanushek wa Stanford amekuwa akionyesha kwa miaka mingi kwamba kinachoendana na ukuaji wa uchumi siyo miaka mtoto aliyokaa shuleni, ni kile anachokijua ukimpima. Sisi mtihani wa kidato cha nne 2023 Basic Mathematics waliofaulu ni kama asilimia 25. Robo! Halafu haohao ndo tunataka wasome umeme, mitambo, meli. Fundi umeme asiyejua kugawanya hawezi kuchagua saizi ya waya, fundi wa mitambo asiyesoma grafu hawezi kusoma majibu ya kompyuta ya gari, mkaguzi wa samaki asiyeelewa desimali hawezi maabara. Ndo maana naogopa kidogo ninaposikia amali ikiongelewa kama mahali pa kuwapeleka walioshindwa hesabu. Amali ya karne hii inataka hesabu kuliko mkondo wa jumla. Elimu ya lazima imeongezwa kuwa miaka 10 na nakubaliana nayo kabisa, lakini miaka kumi bila walimu wa hesabu ni miaka kumi tu. Januari 2025 kwenye ajira za ualimu waliomba zaidi ya watu laki mbili kwa nafasi zisizofika 15,000, kwa hiyo watu wa kufundisha hatujawakosa, tumekosa bajeti ya kuwalipa, na mi ningeanza na wa hesabu na sayansi kabla ya jengo jipya lolote.

Hela nyingine ipo, inahitaji kuelekezwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na zaidi analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, watu wa mishahara wanaiita SDL. Ilikuwa asilimia 6, ikashuka 5, ikashuka 4.5, ikafika 4, na tangu Julai 2023 ni 3.5. Waajiri wamelalamika miaka mingi kwamba theluthi mbili ya hela hiyo inaenda kwenye mikopo ya elimu ya juu na theluthi tu ndo inabaki kwenye ufundi, na mara kwa mara kilio chao kinajibiwa kwa kupunguza asilimia. Naona hilo ni jibu la swali lingine. Kiwanda cha minofu Ilemela kikipunguziwa nusu asilimia hakitachukua mwanagenzi, kijana anayejifunza kazi akiwa kazini, hata mmoja kwa sababu hiyo. Kikiambiwa kwamba kila kijana kitakayemfundisha miaka miwili na akafaulu kupimwa, sehemu ya tozo inarudi, meneja atakaa chini na kalamu. Serikali imekuwa na programu ya uanagenzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, imesaidia vijana wengi, ila inaendeshwa kama msaada wa bajeti ya mwaka, ikipata hela inakwenda na isipopata inasimama. Uanagenzi unatakiwa uwe sehemu ya jinsi kampuni inavyolipa kodi.

Upande wa madini tumeshaweka njia. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za 2018 zinaitaka kampuni ya mgodi ieleze itafundisha nani na Mtanzania atashika lini nafasi ya mgeni, na ukienda Geita unaona matunda yake kwa mafundi wa mitambo mizito ambao sasa wanagombewa na makampuni. Hakuna sababu mkataba wa meli, wa daraja, wa bandari au wa reli hapa ziwani usiwe na ukurasa kama huo, wenye idadi, fani na tarehe, na malipo ya kontrakta yafungwe nao kama yanavyofungwa na zege. Watu watasema itaongeza gharama za mradi. Itaongeza, ndiyo, kwa sababu mwanagenzi anaharibu vifaa na anachelewesha kazi. Lakini gharama hiyo tunailipa hata sasa, tunailipa kila injini ikiharibika na kuagiza mtu na kipuri kutoka nje, na hiyo haiandikwi kwenye bajeti ya elimu.

Reli ya Mwanza hadi Isaka bado inajengwa na hapa ndo ningependa wabunge wetu wa Nyamagana, Ilemela, Misungwi na Kwimba waelekeze nguvu, kuliko kugombania chuo kijengwe kata ya nani. Treni za umeme zikianza zitataka mafundi wa signo za kuongozea treni, wa nyaya za juu, wa breki, wa karakana ya vichwa, kwa miaka hamsini na zaidi. Watu hao inabidi wawe kwenye tuta sasa hivi na kontrakta, siyo waanze kutafutwa siku ya kukata utepe, na VETA Mwanza, Bwiru na wale mafundi wakongwe wa reli ya zamani wanaokaribia kustaafu wapewe kazi ya kuwaandaa kwa pamoja, huyu afundishe hesabu na umeme, huyu afundishe mkono, kontrakta atoe mahali.